Kujifunza Upanga wa Mikono Miwili kwa Kitabu cha Fiore: Mwongozo Kamili wa Mwaka wa Kwanza

Miaka zaidi ya 600 iliyopita, mwalimu mmoja kutoka Friuli, kaskazini-mashariki mwa Italia ya leo, aliandika kwamba sanaa ya silaha ni pana mno kiasi kwamba hakuna binadamu awezaye kushika kichwani hata robo yake bila vitabu. Jina lake Fiore dei Liberi. Alikuwa ameishughulikia sanaa hiyo miaka 40 na zaidi, na karibu mwaka 1410 aliyaweka aliyoyajua katika kitabu cha picha alichomtunukia Niccolò III d'Este, mtawala wa Ferrara. Kitabu kinaitwa Fior di Battaglia, yaani Ua la Vita.

Naanza na maneno hayo kwa sababu yanabeba hali yetu yote sisi tunaofanya sanaa za kale za mapigano za Ulaya, ambazo dunia nzima huziita HEMA kwa kifupi. Mwanafunzi wa judo amefundishwa na mwalimu aliyefundishwa na mwalimu mwingine, hadi unafika kwa mwasisi. Upanga wa mikono miwili wa Fiore haukupata bahati hiyo. Mnyororo ulikatika karne nyingi zilizopita, na hakuna aliye hai anayeweza kusema, "Hivi ndivyo nilivyoonyeshwa na babu yangu." Tulichobaki nacho ni ngozi zilizoandikwa wino. Kwa hiyo tunasoma, tunajaribu na mwenzetu, tunakwama, tunarudi kitabuni. Mtu asiyependa nusu moja ya kazi hiyo, ama kusoma ama kutoka jasho, atachoka mapema.

Kuna njia nyingine za kuanzia. Wajerumani wana Johannes Liechtenauer wa karne ya 14, aliyeacha mafundisho katika mashairi ya mafumbo yaliyofafanuliwa na waliomfuata. Huko Leeds, Uingereza, kuna kitabu kinachojulikana kwa namba yake, I.33, cha mwanzoni mwa karne ya 14: kasisi anafundisha upanga na ngao ndogo, na kurasa za mwisho anayecheza naye ni mwanamke aitwaye Walpurgis. Upanga mwembamba wa Kiitaliano una mabwana wake pia, kama Salvator Fabris (1606) na Ridolfo Capo Ferro (1610). Mimi nampendekeza Fiore kwa anayeanza kwa sababu anaanzia kwenye mieleka, na kwa sababu picha zake zina lugha yake ambayo mtu anaweza kujifunza jioni moja.

Kwanza, kitabu

Usinunue upanga bado. Tafuta kitabu.

Nakala nne za kazi ya Fiore zinajulikana: moja iko katika jumba la makumbusho la Getty huko Los Angeles, nyingine Morgan Library huko New York, ya tatu maktaba ya taifa ya Ufaransa mjini Paris, na ya nne, iitwayo Pisani Dossi, iko mikononi mwa watu binafsi. Anza na ya Getty. Maelezo yake ni marefu kuliko ya wenzake na picha zake zinapatikana bure kwenye tovuti ya jumba hilo. Maandishi ya Kiitaliano cha kale pamoja na tafsiri utayapata Wiktenauer, maktaba huru ya mtandaoni ya vitabu vya aina hii.

Sasa lugha ya picha. Mtu mwenye taji ni bwana. Bwana wa kwanza anaonyesha mkao tu. Bwana wa pili, naye ana taji, anaonyesha dawa ya shambulio. Wanaomfuata wamefungwa utepe wa dhahabu chini ya goti: hao ni wanafunzi wake, na kila mmoja anaendeleza dawa ile ile kwa namna tofauti. Kisha anatokea mtu mwenye taji na utepe kwa pamoja. Huyo ndiye mpinzani wa dawa, anayekuonyesha jinsi ya kuivunja. Ukishalijua hilo, kila ukurasa unakuambia nani anashinda na kwa nini yuko hapo. Nilikaa wiki kadhaa nikidhani zile ni picha za watu tofauti wanaopigana ovyo, na siku niliyoelezwa habari ya utepe nilirudi nyumbani nikakisoma kitabu kizima upya usiku huo huo.

Nunua daftari. Kwa kila mchezo unaousoma, yaani kila mfuatano wa shambulio na jibu lake, chora safu tatu. Safu ya kwanza: maandishi yanasema nini, neno kwa neno. Ya pili: picha inaonyesha nini, mguu upi uko mbele, mkono upi uko juu, panga zimegusana wapi. Ya tatu: ninachokisia mimi. Ni hiyo safu ya tatu itakayokuokoa. Watu wengi huchanganya anachosema Fiore na walichoambiwa na mwalimu wa video, na baada ya miaka miwili hawajui tena kipi ni cha nani. Ukiandika "nakisia" pembeni ya kisio lako, utaweza kulifuta siku likikataa kufanya kazi.

Watu

Upanga haujifunzwi peke yako. Hatua na mapigo unaweza kuyafanya chumbani, lakini kinachotokea chuma kinapogusa chuma kinahitaji mkono wa mtu mwingine upande wa pili.

Ukiwa Ulaya au Amerika Kaskazini, klabu zipo katika miji mingi. Nenda ukatazame kabla ya kujiunga. Muulize mwalimu anafundisha kutoka kitabu gani. Asipoweza kukutajia hata kimoja, endelea kutafuta. Tazama wanavyowatendea wageni na wadogo wa mwili. Tazama kama wanasimama mtu anaposema "simama". Klabu nzuri itakuazima barakoa na upanga miezi ya mwanzo.

Ulipo hakuna klabu, watu wawili mnatosha. Tafuta rafiki mmoja mwenye subira, na wote wawili mwende mkajifunze judo au mieleka karibu nanyi, maana Fiore mwenyewe anaweka mieleka mbele ya silaha zote. Na aliyekulia Lamu akacheza kirumbizi ana mtaji tayari: jicho la kupima umbali wa fimbo ya mwenzake na sikio la mwendo wake. Mbinu ni tofauti kabisa, lakini jicho hilo huchukua muda mrefu kulipata ukianzia sifuri.

Vifaa

Fiore anasimulia kwamba walimu wengine walimwonea wivu kwa kukataa kuwafundisha siri zake, na mara tano ilimbidi kupigana nao kwa panga zenye makali, ugenini, bila ndugu wala rafiki, akiwa na koti la pamba na glovu za ngozi laini tu. Alitoka salama mara zote tano. Anaongeza kwamba aliyevaa chuma mwili mzima anaweza kupokea mapigo mengi na bado akashinda, ila mbele ya panga zenye makali kosa moja la kukinga ni kifo. Sisi tunajifunza ili kesho tufanye mazoezi tena, kwa hiyo tunavaa.

Anza na barakoa ya wavu wa chuma, ile ya mchezo wa vitara wa Olimpiki. Ndani huwa na alama ya nguvu inayohimili: nyutoni 350 au 1600. Chukua ya 1600 ukiweza. Barakoa hiyo haikutengenezwa kwa mapigo ya kisogoni, hivyo ongeza kifuniko cha nyuma ya kichwa. Cha pili ni kinga ya koo, iliyo ngumu kwa mbele. Usikubali mchomo wowote wa ncha, hata wa polepole, bila hivyo viwili.

Kisha glovu. Hapa nisikilize vizuri. Katika upanga wa mikono miwili mikono yako ndiyo iliyo karibu zaidi na mwenzako, na vidole ndivyo vinavyoumia mara nyingi kuliko kiungo kingine. Mwaka wangu wa pili niliingia sparingi, yaani pambano la mazoezi, na glovu nyepesi kwa sababu nzito zilinichosha, na pigo la kawaida kabisa, wala si la hasira, likanivunja kidole cha kati cha mkono wa kulia. Wiki sita sikushika kalamu. Glovu nyepesi ni za zoezi la polepole. Kwa kasi, vaa glovu nzito zenye magamba magumu hadi kwenye ncha za vidole, na kama huna pesa yake bado, baki kwenye polepole. Hakuna aibu ndani yake.

Koti la pamba la mazoezi huuzwa kwa vipimo vya nyutoni 350 au 800. Kwa chuma chukua 800. Viwiko, magoti, miundi na sehemu za siri vikingwe kwa plastiki ngumu, na wanawake wengi huvaa bamba la kifua. Suruali iwe nzito.

Upanga wenyewe unakuja mwisho. Miezi mitatu ya kwanza fimbo ya mbao iliyochongwa inatosha, au upanga wa plastiki ngumu. Ukiwa tayari kwa chuma, tafuta upanga butu wa mazoezi, wenye urefu wa sentimita 120 hadi 130, uzito wa kilo 1.3 hadi 1.6, na ubapa unaopinda kirahisi ncha inapogota kifuani. Ncha iwe imekunjwa au imevikwa kofia ya mpira. Uzito huo hauko mbali na panga halisi za zama zile. Habari za panga za kilo kumi ni hadithi. Baada ya kila mazoezi pitisha kidole kwenye makali. Ukihisi meno yaliyotokea chuma kilipogonga chuma, yasawazishe kwa tupa, la sivyo yatararua koti la mwenzako.

Miguu

Chora mstari wa chaki sakafuni kati yako na mwenzako. Fiore anauita "strada", njia. Michezo yake mingi inategemea nani yuko juu ya njia na nani ametoka.

Ana miendo minne: kusogeza mguu wa mbele, kuurudisha nyuma, kupita mbele kwa mguu wa nyuma, na kurudi nyuma kwa mguu wa mbele. Ana mizunguko mitatu pia. Wa kwanza unageukia mbele na nyuma bila kuhamisha miguu. Wa pili unapita hatua moja na kugeuka. Wa tatu, mguu mmoja unabaki kama mhimili na mwingine unauzunguka. Fanya hayo dakika kumi kila siku, mikono kiunoni, bila upanga. Goti la mbele lilegee, kisigino kisipigwe chini.

Ukichoka, fungua ukurasa wa mtu aliyezungukwa na panga saba na wanyama wanne. Juu ya kichwa yuko simbamangu ameshika bikari: macho na kipimo. Ubavuni yuko chuimilia na mshale, kwa wepesi, na simba ameshika moyo, kwa ushujaa. Chini miguuni yuko tembo, amebeba ngome mgongoni, na anasema hapigi magoti wala hapotezi mwendo. Nimefanya mazoezi na vijana wepesi kama chuimilia wakaanguka kwa sukumo dogo, kwa kuwa tembo hawakumjenga. Mjenge huyo kwanza.

Mapigo saba na mikao minne

Panga saba za ukurasa ule ni mapigo saba: mawili ya kushuka, kulia na kushoto; mawili ya kupanda; mawili ya kukata kati; na mchomo. La kushuka linaelezwa vizuri mno: linapita menoni na kuishia gotini. Ni mstari wa mshazari, wala si wa wima kama mtu anayepasua kuni. La kupanda linarudi kwa njia ile ile. Lile la kati linatumia makali ya mbele likitoka kulia, na makali ya nyuma likitoka kushoto, jambo linalomsumbua kila anayeanza mpaka kifundo cha mkono kizoee.

Kata hewani mbele ya kioo. Upanga utangulie, mikono ifuate, mguu utue mwisho. Mguu ukitangulia, unampelekea mwenzako mwili wako kabla ya silaha yako. Sikiliza pia: makali yakienda sawa na njia ya pigo, upanga unavuma, ubapa ukipinda, unanyamaza au unapepesuka.

Mikao ya Fiore ni 12, na kila mmoja ana jina lenye picha ndani yake. Anza na minne. Mkao wa Bibi, upanga umelala begani, ambao anasema unaweza kutoa mapigo yote saba. Mkao wa Dirisha, mpini karibu na kichwa na ncha inamtazama mwenzako usoni. Mkao Mrefu, mikono imenyooka na ncha mbele, wa kumpima mwenzako na kumchokoza. Na Jino la Nguruwe Mwitu, upanga chini, unaochoma kutoka chini kwenda usoni kisha unarudi kwa pigo la kushuka mikononi, kama mnyama yule anavyofumua kwa jino lake. Usiigandishe mikao kama sanamu. Tembea kutoka mmoja kwenda mwingine kwa pigo, na kila pigo liishie kwenye mkao.

Mchezo wa kwanza: Pigo la Mkulima

Fiore anatoa mchezo mmoja wa kumkabili mtu anayepiga kwa nguvu zote bila kufikiri. Anauita Colpo di Villano. Ni mchezo mzuri wa kujifunzia kazi yote ya kusoma na kujaribu.

Andika safu ya kwanza: simama kwa hatua fupi, mguu wa kushoto mbele, umsubiri apige. Akipiga, mguu wa kushoto utoke nje ya njia, kisha wa kulia upite kwa mshazari, nao pia nje ya njia. Pokea pigo lake katikati ya upanga wako. Liache liteleze hadi chini, na papo hapo ujibu kwa pigo la kushuka kichwani au mikononi, au mchomo kifuani. Anaongeza kwamba unafaa pia kwa upanga dhidi ya shoka, au dhidi ya fimbo nzito na nyepesi.

Sasa mwombe mwenzako apige pigo la kushuka, polepole lakini kweli, likikulenga kichwani. Hilo ni sharti. Akilenga pembeni ili asikuumize, mchezo wote unakuwa uongo, kwa kuwa unajifunza kukwepa kitu ambacho hakikuwa kinakuja. Kasi ipungue, shabaha isipungue.

Mara ya kwanza utakinga kwa kusukuma. Upanga wake utasimama, wako utasimama, na mtabaki mnashindana mabega. Rudi kitabuni: "liache liteleze." Ukikinga huku umepeleka ncha yako chini kidogo na mwili umeshatoka njiani, nguvu zake zenyewe zitampitisha. Mara ya pili utatoka njiani mapema mno, naye atakufuata kwa pigo. Subiri mpaka mikono yake ishuke na asiweze tena kubadili nia. Fiore hasemi hatua iwe ya sentimita ngapi. Jaribu ndogo, jaribu kubwa, uandike kwenye safu ya tatu ipi ilikuacha salama na bado karibu vya kutosha kujibu.

Ukiuweza mara kumi mfululizo, mwenzako apige kwa wepesi, bila kujitupa, kisha avute upanga wake pale mnapogusana. Utaona mchezo hautelezi tena. Umegundua kwa mwili wako kwa nini unaitwa wa mkulima: unahitaji mtu aliyejimwaga wote ndani ya pigo. Kwa asiyejimwaga, Fiore ana dawa nyingine kurasa zile zile, kutegemea panga zimekutana nchani au katikati.

Sparingi

Usiingie sparingi kabla ya miezi sita kupita, na usiingie bila vifaa vyote. Ya kwanza iwe nusu ya kasi, mkisimama baada ya kila mguso. Aliyepigwa anasema mwenyewe, kwa sauti, "nimepigwa", akionyesha mahali. Klabu zenye desturi hiyo hukuza watu wazuri, kwa kuwa jicho lako linageuka kutoka kwenye ushindi kwenda kwenye kilichotokea. Mkipigwa wote wawili kwa wakati mmoja, nyote mmeshindwa. Andikeni idadi ya migongano hiyo kila jioni na mfanye kazi ya kuipunguza. Kwa panga zenye makali, kila mgongano mmoja ungekuwa maiti mbili.

Mwenzako akipumua vibaya, akilegea, au macho yakiwa na hasira, simama wewe kwanza. Na ukipigwa kichwani ukahisi kizunguzungu au kichefuchefu, siku hiyo imekwisha, na daktari akuone.

Ratiba ya mwaka

Mazoezi mawili kwa wiki ya saa moja na nusu, pamoja na robo saa nyumbani, yanatosha. Miezi mitatu ya kwanza ni miguu, mieleka, na mapigo saba kwa mbao. Mitatu inayofuata ni mikao na Pigo la Mkulima, kisha kubadilishana mchomo, ambapo mwenzako anachoma nawe unachukua ncha yake huku yako ikiingia. Kuanzia mwezi wa saba, mchezo mpya mmoja kila wiki mbili na sparingi ya polepole. Mashindano yasubiri mwaka wa pili. Huko Göteborg, Sweden, kuna yale yaitwayo Swordfish, ambayo unaweza kutazama mtandaoni ujue kasi inafika wapi.

Na kama siku moja utataka somo linaloigusa pwani yetu, lipo. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa. Mwaka 1599 Mreno Domingo Luis Godinho aliandika kitabu cha upanga, cha mkono mmoja na cha mikono miwili, na muswada wake uko Lisbon. Hicho ndicho nilichonacho mezani mwaka huu, na safu yangu ya tatu imejaa kuliko zile mbili.